Shikamoo ya Mtani

Ukitukanwa na mtani wako, nenda kalale. Akikusalimia kwa heshima, kaa macho ujiulize umemfanya nini. Bibi Theodosia alilijua hilo tangu utoto, na bado lilimkuta uzeeni, meno yamebaki machache na yote yamehamia upande mmoja kama abiria wanaokwepa jua.

Alikuwa Mpogoro, mzaliwa wa Mahenge, aliyeolewa huku bondeni katika kijiji kimoja ukiiacha Kiberege kuelekea Ifakara. Mume alikwisha kutangulia. Yeye alilima mpunga, na msimu ukifika alitwanga pepeta, zile punje changa zinazokaangwa na kutwangwa mpaka zikalala bapa, akawauzia abiria wa mabasi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi iliyomnenepesha ilikuwa utani.

Mtani wake hasa alikuwa Beatus Ngonyani, fundi baiskeli, Mngoni ambaye baba yake alitoka Songea kuja kukata miwa Kidatu na asirudi tena. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wapogoro walipigana, hawa wa pili wakijificha mapangoni, mpaka wakachoka, kisha wakaona heri kutukanana kuliko kuchomana mikuki. Tangu hapo Mngoni akimtukana Mpogoro hakuna kesi, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Beatus alikuwa rika la kitindamimba wa Theodosia, lakini shikamoo yake bibi hakuwahi kuisikia. Asubuhi alipopita kwenda kufungua karakana yake alipiga kengele ya baiskeli na kuita, "Wee kizee cha mapangoni! Hujafa tu?"

"Nife kabla sijala wali wa msiba wako?" bibi alijibu kutoka jikoni. "Pita huko, kaoke panya wako!"

Basi siku ikawa imeanza vizuri.

Mambo yaliharibika na vigingi. Watu waliamka wakakuta vigingi vya rangi nyekundu vimechomekwa katikati ya mashamba ya mpunga, vimenyooka kama vinajua vinakokwenda. Hakuna aliyesema ni vya nani. Walipomuuliza mtendaji wa kijiji, Bwana Faustin, alijibu, "Mtajulishwa." Walipouliza watajulishwa lini, akasema, "Kwa wakati wake." Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa haujaitishwa siku nyingi, mpaka wazee waliukumbuka kama wanavyokumbuka mafuriko.

Beatus ndiye aliyesema, mikono yake ikiwa na grisi, kwamba sheria inataka mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kuuomba si dhambi. "Tukutane uani kwangu, tukubaliane, kisha twende ofisini kwa pamoja kwa adabu zetu."

Wanaume waliitikia. Wanawake wakasita; mashamba ni yao lakini mdomo waliufunga. Ndipo Bibi Theodosia alipofunga kanga kiunoni akapita mlango kwa mlango. "Twendeni kwa yule Mngoni! Mkimwogopa yeye anayekula panya, mtaweza kumwuliza mtendaji anayekula kuku?" Wakacheka, wakaja, ua ukajaa. Walizungumza, wakakubaliana, wakarudi kupika. Hakuna aliyeinua hata jiwe.

Kabla hawajaenda ofisini, Mzee Valeriani, Mpogoro wa hapo kijijini, akafa.

Msiba wa Mpogoro hauendi bila Mngoni. Jeneza lilipofika makaburini, Beatus alikuwa amekwisha kujilaza ndani ya kaburi, mikono kifuani, macho kayafumba. Mtani msibani hana adabu, na ndiyo kazi aliyopewa, kuwatoa watu machozi kwa njia nyingine. Katekista alifunga kitabu chake akasubiri.

"Hatoki mtu humu, haingii mtu humu," Beatus alisema kwa sauti nzito ya kutoka udongoni, "mpaka niletewe jogoo. Tena jogoo wa Theodosia, yule mwekundu. Sitaki vifaranga vyenu vya mapangoni!"

"Fukieni tu!" bibi akapiga kelele. "Mzee Valeriani alikuwa analala peke yake, leo amepata wa kumkanda mgongo!" Watu wakaanza kuangua vicheko. Naye, kicheko cha watu kilikuwa kama pombe kwake, akionja kidogo anataka kibuyu kizima. Akageuka akamwona Afande Jeremia, kijana mpya wa kituoni, amesimama pembeni ya mtendaji kavua kofia kwa heshima ya marehemu. "Afande! Mkamate huyu! Ndiye mchochezi mkuu! Leo hii anachoma ofisi ya mtendaji, apate moto wa kuokea panya wake!"

Makaburi yakalipuka kwa kicheko. Mjane mwenyewe alicheka, akajifuta na upindo wa kanga. Simu zilikuwa juu zinarekodi. Bibi akaahidi jogoo mbele ya watu wote, Beatus akapanda kutoka kaburini mgongo mzima udongo, na mzee akazikwa.

Mpaka hapo hakuna aliyekosa. Kosa lilikuwa nyuma ya jiko.

Watu walikuwa wanakula wali, bibi kaenda kutafuta ukoko kwenye masufuria. Alipoinuka, Afande Jeremia alikuwa mbele yake, na Bwana Faustin kando yake.

"Shikamoo, Bibi," afande alisema. "Nikuulize kidogo. Yale ya kuchoma ofisi, ni utani wenu au yana ukweli?"

Kijana wa watu aliuliza vizuri. Hata kwao kuna watani. Alimfungulia mlango mpana na kilichobaki kilikuwa bibi apite tu. Lakini kabla hajafungua mdomo, mtendaji alisema taratibu, anachokonoa meno, "Na wale akina mama waliokusanyika kwa Beatus, Bibi. Kuna mtu alipita mlango kwa mlango kuwaita. Huyo naye tunamtafuta."

Bibi Theodosia aliona lango la mahabusu. Aliona jirani akivuna mpunga wake. Mkononi bado alikuwa na kipande cha ukoko.

"Aliwaita Beatus," alisema.

"Na ofisi?" akauliza afande.

"Ndivyo alivyosema."

Hapakuwa na mtu wa kucheka pale, wala yeye hakucheka.

Walimchukua Beatus mbele ya watu, udongo wa kaburi ukiwa bado mgongoni. Alifikiri mchezo umenoga. Alipandishwa kwenye gari akiwa anapunga mkono: "Theodosia! Nikomboe kwa jogoo!" Watu walipiga makofi. Gari likaondoka, vumbi likatulia, ndipo mtu mmoja akauliza, "Hivi wanamrudisha saa ngapi?"

Hawakumrudisha. Walimshtaki kwa kuitisha mkusanyiko usio halali na kutishia kuchoma mali ya umma. Dhamana ilizuiwa; walisema akitoka atachoma kweli. Ile video ya makaburini ilizunguka kwenye simu mpaka Sanje na Kidatu, imekatwa kicheko, limebaki dole la bibi likimwelekeza Beatus na maneno "anachoma ofisi". Na kule ofisini hakuna aliyekwenda tena kuuliza habari za vigingi. Watu walivipita mashambani macho chini, kama wanaopita mbele ya mkwe.

Jogoo mwekundu aliwika kila alfajiri. Bibi alimtupia kandambili.

Wakili alikuja kwa bodaboda, msichana mwembamba mwenye ushungi, Firdausi, binti wa Abdulnasir mwenye duka la vitambaa Ifakara mjini. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akakubali pepeta aliyokaribishwa na kula kweli kweli, siyo kudonoa.

"Bibi, nimeiona ile video," alisema. "Nami nimekulia humu humu bondeni. Ule ulikuwa utani, si ndiyo?"

"Makaburini pale? Mwanangu, utani mtupu. Muulize hata katekista."

Mtu akiulizwa jambo moja akajibu hilo hilo, hajasema uongo. Ndivyo bibi alivyojiambia. Lakini alipojiambia aliona anajiambia kwa sauti kubwa mno.

Firdausi alifurahi mpaka akashika mkono wake. "Basi utakuwa shahidi wetu. Unajua, Bibi, kesi hii si ya Beatus peke yake. Akifungwa kwa kukutana na majirani uani kwake, kesho nani atathubutu kuuliza? Kila mtu ataogopa hata kualika watu kwenye kipaimara. Mahakamani tutapambana, lakini na nje nako watu wasikie. Utakuja redioni?"

Akaenda redioni Ifakara. Walimvisha vile vidude vya masikioni, akauliza kama ni vya kuzuia baridi, na mtangazaji akacheka mpaka akapaliwa. Alieleza utani ni nini, nani anamtania nani, na kwa nini mtani hukasiriki. Watu walipiga simu kutoka kila upande. Mmoja akasema, "Bibi, kama utani ni kosa, basi gereza lijengwe tuingie taifa zima!" Kufika mwisho wa kipindi, yalikuwa yamezaliwa maneno yaliyokuja kuandikwa kwenye mabango na kuimbwa na akina mama: Utani Si Jinai.

Kuanzia hapo Bibi Theodosia hakuweza kupita. Sokoni Kiberege walimwongeza nyanya. Makondakta walimwita Mama Utani. Alipewa kanga, alipewa perege wakubwa waliokaushwa vizuri, na kanisani watu walimpisha benchi la mbele. Kila aliyemsifu alikuwa kama anamchapa. Alikwenda kuungama kwa padre, foleni ilipomfikia akaungama kwamba alimtukana jirani, akapewa Salamu Maria za kutosha, akatoka na dhambi yake iko pale pale, imekunywa maji ya baraka bure.

Lakini aliyemwua hasa ni Eveline, mke wa Beatus. Alikuja mchana na beseni la mchele mpya kichwani.

"Shika, Bibi. Sina kingine."

"Wa nini huu?"

"Umemsemea mume wangu. Wengine wananiona njiani wanajifanya wanafunga kamba za viatu, tena wamevaa ndala. Wewe umekwenda mpaka redioni." Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Juzi niliruhusiwa kumwona. Amekuletea ujumbe. Anasema, walimwuliza nani aliwaita akina mama, akasema ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo na wewe kaa hivyo hivyo, usije ukajitaja. Anasema, 'Mwambie yule kizee mbavu zake haziwezi sakafu ya saruji. Hilo nimeshalibeba mimi.'"

Bibi Theodosia aliangalia lile beseni. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana ndivyo alivyozoea kufunika mashimo, lakini alichopata ni kisingizio tu. Alimwambia Eveline moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Siku ya kesi alikwenda Ifakara na kifurushi. Nje ya mahakama akina mama walikuwa wamejaa na mabango yao, wanaimba chini ya macho ya askari, wanacheza kidogo kidogo kwa miguu ili isije ikaitwa maandamano. "Mama Utani huyo!" Wakampigia vigelegele. Alipita katikati yao kichwa chini kama mwizi wa kuku.

Shahidi hakai ndani mpaka aitwe. Aliketi kwenye benchi la nje, kifurushi mapajani, akijua Afande Jeremia yumo ndani anasema alichokisikia nyuma ya jiko. Na Beatus yumo ndani anamsikiliza.

Mlango ulifunguka, afande akatoka. "Shikamoo, Bibi," akasema, akapita. Baada yake akaja Firdausi, uso umebadilika.

"Bibi, amesema alikuuliza kando, hakuna watu, kama ni utani au ni kweli. Anasema ulithibitisha. Ni hivyo?"

Bibi alikaza fundo la kifurushi.

Firdausi alichuchumaa mbele yake kama mtoto anayefunga viatu vya bibi yake. "Nisikilize. Usipoingia, maneno yake yatabaki peke yake na Beatus anaweza kufungwa. Ukiingia, wakili wa serikali atakuuliza hilo hilo, na sitakuambia cha kujibu. Nikikuita, sema lililo kweli hata kama halitupendezi. Nikuite, nisikuite?"

"Beatus alifanyaje, afande aliposema?"

"Alikataa kuangalia mtu. Aliangalia dirisha."

"Niite," alisema bibi.

Ndani kulikuwa na feni inayozunguka kwa kulalamika. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Beatus alikuwa kizimbani, amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine. Hakugeuka. Bibi alishika Biblia akaapa.

Firdausi alimuuliza habari za makaburini, na hapo ulimi ulikwenda wenyewe. Alieleza kaburi, jogoo, panya. Chumba kikacheka, hakimu akashusha kichwa kwenye karatasi zake ili asionekane. Kisha akasimama wakili wa serikali, Bwana Obadia, mtu mpole kupita kiasi.

"Bibi, wewe ni mtani maarufu. Wanakuita Mama Utani."

"Wananiita."

"Sasa, mtu ambaye kazi yake ni kutania, mahakama itajuaje kwamba hapa hatutanii?"

"Baba, hapa hakuna Mngoni zaidi ya huyo mliyemfunga."

Watu wakacheka tena. Bwana Obadia naye akatabasamu, akasubiri watulie. "Nyuma ya jiko, siku ya msiba. Afande Jeremia ni mtani wako?"

"Hapana."

"Mtendaji je?"

"Faustin ni Mpogoro mwenzangu. Tena kwetu anaitwa mjomba."

"Kulikuwa na watu wa kuchekeshwa?"

"Hapana."

"Basi ulipomwambia afande kwamba mshtakiwa alisema atachoma ofisi, ulikuwa unamtania nani?"

Feni ilizunguka. Njia ya kutokea ilikuwepo, bibi aliiona: angesema alikuwa bado amelewa utani wa makaburini, mdomo wa kizee hauna breki, na nusu ya chumba ingeitikia. Nje akina mama walikuwa wanaimba Utani Si Jinai. Aliwaza, wale wanaimba kwa ajili yangu, na mimi ndiye mwenye jinai. Akamwangalia Beatus. Beatus aliangalia dirisha.

"Sikumtania mtu," alisema. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Akina mama waliokwenda kwa Beatus niliwaita mimi. Mlango kwa mlango, kwa miguu yangu hii. Mtendaji akasema wanamtafuta aliyewaita. Nikaona niwape mtu mwingine. Afande aliniuliza vizuri tu, ni utani au kweli. Maneno ya makaburini yalikuwa utani, mheshimiwa. Ya nyuma ya jiko yalikuwa woga. Beatus hajawahi kusema atachoma hata kibanda cha kuku. Nilimsingizia, nikarudi kula ukoko."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alivua miwani.

"Bibi, unajua kwamba kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa, na unaweza kushtakiwa?"

"Najua, mheshimiwa." Akainua kifurushi. "Nimekuja na kanga ya kulalia, mswaki na pepeta kidogo. Nyie amueni tu."

Hakimu hakuitaka ile kanga. Uamuzi aliutoa tarehe nyingine, na siku hiyo bibi alikuwepo nyuma kabisa, mlangoni, karibu na wenye watoto wanaolia. Hakimu alisema maneno ya msibani yalikuwa utani unaojulikana na kila mtu. Ya nyuma ya jiko aliyeyasema ameyakana kwa kiapo, tena kwa hasara yake mwenyewe. Na watu kukutana uani kwa jirani kuzungumzia mashamba yao, na kutaka mkutano ambao sheria yenyewe inauamuru, hakuna kosa hapo, bali ni haki yao. Mshtakiwa aachiwe. Kuhusu Bibi Theodosia, alimtafuta kwa macho mpaka akampata, akasema, "Wewe mama, mdomo wako uulinde." Hapo hapo bibi alitamani hakimu angemfunga yeye.

Nje palikuwa na vigelegele, ngoma, Eveline kaanguka kifuani kwa mumewe. Firdausi alikuwa akiongea na waandishi, akitamka neno haki kwa sauti ambayo duka zima la baba yake lingeisikia. Bibi Theodosia alisubiri pembeni. Alikuwa amejiandaa kwa tusi. Alilitaka lile tusi: la mapangoni, la meno, la mumewe marehemu, lolote, hata makofi. Beatus akaja, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alijibu bibi.

Naye akapita.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kengele ya baiskeli haikulia. "Shikamoo, Bibi." Pole pole, kwa heshima, kama anayemwamkia mama mkwe. Alijaribu kumchokoza. "Wee mla panya, gerezani hukuwamalizia panya wao?" Akajibu, "Ndiyo, Bibi." Alimkamata jogoo mwekundu akampelekea karakanani, amemfunga miguu. "Deni la kaburini, Mngoni." Beatus alifuta mikono kwa kitambaa. "Ahsante sana, Bibi. Kaa naye tu, atakusaidia." Akarudi kwenye mnyororo wa baiskeli.

Hapo ndipo alipoelewa adhabu yake. Mtani hana ruhusa ya kukasirika, kwa hiyo Beatus hakukasirika. Aliacha tu kuwa mtani. Na asiyekasirika humwombi radhi. Alipojaribu, "Beatus, mwanangu, nisamehe," alijibiwa, "Hakuna neno, Bibi," na kweli halikuwepo hata moja. Akawa anarudi nyumbani na jogoo kwapani, njiani watoto wanamwimbia Mama Utani.

Firdausi hakulala. Aliiandikia halmashauri barua, akarudi redioni, akasema ameshinda kesi ya mtu mmoja lakini mkutano bado haujaitishwa, na mkutano ndio ulioleta yote. Akina mama wakaimba tena. Mwishowe mtendaji akabandika tangazo mlangoni mwa ofisi yake: mkutano mkuu wa kijiji, viwanja vya shule.

Walijaa, wengine wamekaa juu ya baiskeli zao. Bwana Faustin alikuwa mbele mezani, Afande Jeremia kasimama kando kulinda usalama. Ilisomwa ajenda, vigingi vimewekwa mwisho kabisa, penye mengineyo. Ikazungumzwa choo cha shule, ikazungumzwa mbwa wasiochanjwa, jua likaanza kuegemea milima ya Udzungwa, na mtendaji akakunja karatasi zake. "Kama hakuna mengineyo…"

Bibi Theodosia alisimama. Hakuwa amepanga kusema yeye. Woga ulikuwa ule ule wa nyuma ya jiko.

"Kuna mengineyo," alisema. "Mimi ndiye niliyewaita akina mama siku ile, na leo nimewaita tena, wamekaa pale. Tunauliza vigingi vya nani, na vinakwenda wapi."

"Bibi, kaa chini," mtendaji alisema. "Muda umekwisha. Na wewe unajulikana kwa maneno yako."

Alikuwa kweli anajulikana. Akatazama huku na huku. Watu wengine waliangalia miguu yao. Hakukuwa na utani uliomjia, na kuketi hakutaka, akabaki amesimama tu kama kimoja cha vile vigingi.

Kutoka nyuma, kwenye baiskeli, ikalia kengele.

"Mwacheni kizee aulize!" ilikuwa sauti ya Beatus. "Bibi yake alijificha pangoni tulipopita na mikuki, huyu ndiyo kwanza ametoka, hajui hata kijiji ni cha nani! Mjibuni kabla hajarudi shimoni! Na jogoo wangu yuko wapi, mwizi mkubwa wewe?"

Uwanja ukacheka kicheko ambacho haukuwa umekicheka tangu makaburini. Bibi Theodosia alishika mdomo kwa upindo wa kanga. Hakujidanganya kwamba amesamehewa yote. Sauti ya Beatus ilikuwa bado na ukavu fulani, kama mlango uliofunguliwa bila kutiwa mafuta. Lakini ulikuwa umefunguliwa.

Akamwona Afande Jeremia ametoa kalamu.

"Afande, usiandike!" akapaza sauti. "Huo ni utani! Shahidi ni mimi, na safari hii nitaapa hapa hapa!" Akageuka nyuma. "Na wewe Mngoni, jogoo utamla kwenye msiba wako!" Kisha akamrudia mtendaji, ambaye alikuwa bado kashika karatasi zake zilizokunjwa.

"Haya, mjomba. Vigingi."